Neno Lisilopita kwa Melania

Nyarugusu,
6 Julai 1997

Mdogo wangu Scolastika,

Mwangaluka, ewe mtoto wa Songwa uliyekwenda kula pilipili India! Huku tu wazima. Mama alikuja mwezi uliopita, akakaa wiki nzima, akagombana na kuku wangu, akarudi Songwa na afya yake tele. Pamba mwaka huu si haba. Mimi macho ni yale yale. Tangu baruti inilipukie kule chini kwenye duara, shimo letu la dhahabu, mwaka juzi, usiku na mchana kwangu ni baba mmoja mama mmoja. Usilie tena. Nimekwisha kulia kwa niaba yetu sote.

Kama unavyoona, mwandiko si wangu. Anaandika Melania, fundi cherehani, jirani yangu, yule mjane aliyehamia hapa kutoka Kahama. Barua zako husoma yeye, zangu huandika yeye. Ana sauti ya kusomea masomo kanisani, na wapo watu wanaokuja kukaa barazani makusudi kusikiliza habari zako. Siku ulipoandika kwamba tumbo limekuharibikia, mtaa mzima ulikupa pole.

(Ni watu wawili tu, na mmoja alikuwa anapita. Mimi Melania.)

Umeona? Huwa anaongeza ya kwake kwenye mabano. Nimemzoea.

Sasa habari yenyewe. Nilikaa kwenye kituo cha masista cha wasioona pale Shinyanga tangu Januari hadi Mei, nikajifunza nukta nundu. Mwanzoni nilidhani wananitania. Vidole hivi vilivyoshika nyundo na mtalimbo miaka yote, vitasomaje vipele vya karatasi? Loo, vikasoma! Tatizo ni vitabu. Kituo kina vitabu vitatu, viwili nimevimaliza, cha tatu ni cha ufugaji wa nyuki. Sista Klara, mkuu wa kituo, analo sanduku lenye mashine ya kuchapa nukta nundu, msaada kutoka Ulaya. Wanasema inachapa chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Ila haichapi kitu. Kompyuta yao ni ya zamani, mashine ni ya kisasa, hawaelewani. Alikuja fundi, akasema kinakosekana kitu kinaitwa draiva, akanywa chai, akaondoka.

Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Tutengenezee. Nataka siku moja nipokee barua yako niisome mwenyewe, kwa vidole vyangu, bila mdomo wa mtu katikati. Kuna neno nataka kukuuliza, na siwezi kulisema hapa.

Kaka yako,
Gregory

(Neno gani? Nimemwuliza, amekataa. Nimeandika kama alivyosema, ila nimekasirika kidogo. M.)


Pune,
10 Agosti 1997

Kaka Gregory, shikamoo. Dada Melania, shikamoo na wewe, najua ndiye unayesoma. Na nyinyi wa barazani, hamjambo? Tumbo limepona, asanteni.

Huku mvua inanyesha kama kuna mtu amesahau kufunga bomba. Nimekula dengu mpaka nimeanza kuota michembe ya Mama, vile viazi vyake vikavu. Nikiamka mdomo umejaa mate.

Kaka, uliponitajia draiva niliruka kwenye kiti, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu kutwa kucha. Draiva ni programu ndogo inayokaa kati ya kompyuta na kifaa, ikifanya kazi ya katekista. Padri Mholanzi anasema lake, katekista anageuza kwa Kisukuma, watu wanaitika Amina. Mashine ya Sista Klara, nahisi, imekuja na katekista anayejua Windows 95 peke yake, na kompyuta ya kituo ni ya kabla ya hapo. Wanaangaliana tu.

Kampuni yetu inaandika draiva za mfano. Zenyewe hazikusudiwi kufanya kazi kubwa, zinawaonyesha wahandisi wengine pa kuanzia. Dada Melania atanielewa upesi: ni kama karatasi ya kukatia gauni. Haivaliwi, lakini hebu shona bila hiyo tuone. Sasa mimi mgeni ndiye niliyetupiwa mifano ya matoleo ya zamani, yale ambayo hakuna anayeyataka. Wenzangu wananiita mama wa makumbusho. Bosi anasema mwakani atayafuta yote, kwani nani duniani bado anatumia Windows 3.1? Nikamwambia, kwetu. Akacheka, akidhani namtania.

Basi nitaitengeneza draiva yenu, na nitaifanya iwe ndiyo mfano wenyewe. Sista aniandikie jina la mashine na maneno yanayotokea kwenye kioo kompyuta inapowashwa.

Na hilo neno, kaka! Umeanza lini kuwa na siri? Wewe ulikuwa ukiona chembe ya dhahabu unapiga kelele mpaka vichaa wanajua.

Mdogo wako,
Scolastika


Nyarugusu,
21 Septemba 1997

Skola mdogo wangu,

Salamu zako zimefika, na watu wa barazani wanakusalimu. Sasa ni wanne. Kuku mmoja amekufa, Mungu amlaze pema. Melania anashona sare za kwaya, na cherehani yake inalia tangu asubuhi kiasi kwamba ikinyamaza mimi nashtuka.

(Karatasi ya gauni nimeielewa kabisa. Kumbe kompyuta ni ushonaji! M.)

Sista ameandika vyote ulivyotaka, karatasi yake imo humu. Ni hiyo hiyo uliyoitaja, Windows 3.1. Nimefurahi kuona bado unajua kuotea.

Humu pia nimeweka ukurasa niliotoboa mwenyewe kwa kibao na kile kimsumari chake. Jifunze usome. Ukishindwa, basi shule yote hiyo ya India ilikuwa bure.

Kaka yako,
Gregory

(Nimeuangalia huo ukurasa, unafanana na maharage yaliyobunguliwa. Nilimwuliza umeandikwa nini, akasema habari za nyuki. Mtu anayeandika habari za nyuki hatokwi na jasho namna ile. M.)


Ukurasa wa nukta nundu, ndani ya bahasha hiyo hiyo

Skola. Ni Melania. Nampenda. Basi, nimeshasema.

Unajua kwetu mtu mzima haombi mke kama anayeomba chumvi. Inatakiwa barua ya posa iende kwa kaka yake, Stanslaus, kule Nyahanga, nayo iwe na mwandiko wa adabu. Mimi siwezi kuandika. Anayeniandikia barua ni yeye! Nikimwendea mwandishi mwingine hapa Nyarugusu, habari itamfikia kabla wino haujakauka.

Halafu kuna la pili, ndilo linaloninyima usingizi. Anakuja kwangu kila siku. Sijui anakuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya macho yangu. Nikiuliza nikaambiwa ni huruma, nitakuwa nimempoteza, na sauti yake nimeipoteza. Nijibu wewe, uliye mwanamke mwenzake. Lakini usijibu kwa mdomo wake.


Pune,
16 Novemba 1997

Kaka, shikamoo. Dada Melania, shikamoo. Wa barazani, ongezeni benchi.

Huku mvua imekwisha, kumekuwa na sikukuu ya taa, fataki usiku kucha. Nilikukumbuka kaka, kwa baruti zile. Nililia kidogo, kisha jirani akaniletea peremende nikanyamaza.

Ukurasa wako nimeusoma. Ilinichukua Jumapili nzima, nikiilaza karatasi mezani na kumulika tochi kwa ubavuni ili kila kipele kitoe kivuli. Nyuki wako nimewaelewa. Ni nyuki wazuri sana. Swali lako kuhusu asali lina jibu, ila siwezi kuliandika kwa kalamu. Dada Melania, samahani, ni mambo ya ufugaji.

Draiva imekwisha. Mashine yenyewe sinayo, kwa hiyo niliandika kama fundi anayemshonea mtu asiyemwona. Waliotengeneza mashine walinitumia kitabu cha amri zake, nikazijaribu moja moja kwenye kompyuta ya zamani niliyoikuta stoo, chini ya mapazia mabovu. Mara ya kwanza ilikufa. Mara ya pili ilikufa nayo ikaua na kila kilichokuwa kimefunguliwa. Sasa inaishi.

Ndani ya bahasha hii mna disketi, hicho kibapa cheusi. Kina draiva pamoja na barua ya Gregory peke yake. Sista akiichapa, itatoka kwa nukta. Dada Melania, nakuomba uitunze mahali salama kuliko pote. Isipate maji, isipate vumbi, isikae juani, na mtoto yeyote asiichezee.

Mdogo wako,
Scolastika


Nyarugusu,
22 Februari 1998

Skola,

Tu wazima, kama mtu anaweza kuitwa mzima baada ya mvua hizi. Hiyo El Nino yao imetuosha kama vyombo. Maduara yamejaa maji, choo changu kimeondoka bila kuaga, pamba ya Mama imeoza shambani, lakini yeye mwenyewe hajambo na anamlaumu Mungu kwa adabu.

Barua yako ilifika kabla ya Krismasi. Tulitaka kwenda Shinyanga siku ile ile, barabara ikawa imekatika. Tukangoja. Melania akaiweka disketi mahali salama kuliko pote katika nyumba hii, yaani lile kopo langu la kutunzia dhahabu. Unalijua. Halijawahi kuibiwa wala kuingia tone la maji tangu nianze kuchimba. Kila jioni nilikuwa nalishika, nalitikisa, nasikia jibu lako likigonga humo ndani.

Juzi barabara imefunguka, tukaenda. Sista Klara akaitia disketi. Kompyuta ikasema hamna kitu. Akaitoa, akaipuliza, akaitia tena. Hamna. Akauliza ilikaa wapi. Nikasema kwenye kopo. Akauliza humo koponi mna nini kingine. Hapo, Skola, ndipo nilipokumbuka. Mna sumaku yangu! Ile kubwa ya spika ya redio, niliyokuwa natolea mchanga mweusi wa chuma ili dhahabu ibaki safi. Sista akasema sumaku inafuta disketi kama kitambaa kinavyofuta ubao. Ilikuwa imelalia barua yako tangu Krismasi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa naigeuzageuza ile disketi mkononi. Melania alidhani nimemkasirikia. Sikumkasirikia, nilikuwa na huzuni tu, huzuni ya mtu aliyechimba kiangazi kizima akakuta maji.

Gregory

(Dada Skola, niliyeiweka ni mimi. Sikujua. Nimelia mpaka nimeshona mkono wa blauzi kinyume. Kama ni jambo la haraka liandike tu kwa kalamu, nitamsomea bila kusikiliza. Naweza. Hizo habari za nyuki zinamkondesha, na mimi siwezi kumwona akikonda. M.)


Pune,
22 Machi 1998

Kaka, shikamoo, na pole. Dada Melania, shikamoo, na usilie.

Nisameheni, nilicheka. Nilicheka mpaka wakaniletea maji. Nimewaonya juu ya maji, vumbi, jua na watoto, mimi mtaalamu, nikasahau sumaku, kwa kuwa hapa Pune hakuna mtu anayeweka sumaku na hazina yake kopo moja. Anayestahili lawama ni mimi niliyezaliwa huko. Kisha nikafikiria kaka akilitikisa lile kopo kila jioni, kicheko kikaisha.

Sasa sikilizeni. Hapa kazini yupo kijana anaitwa Deepak, mzaliwa wa Kahama, baba yake ana duka la vitambaa ambalo Dada Melania lazima analijua. Anaongea Kisukuma kunishinda, ndiye peke yake anayenisalimia mwangaluka asubuhi. Mwezi ujao anakwenda kwao likizo. Atachukua disketi tatu, moja kwenye begi, moja mfukoni, moja kwenye soksi, atakwenda nazo Shinyanga mwenyewe na hataondoka mpaka mashine ichape. Kaka, ukae hapo kituoni umngoje. Kopo libaki nyumbani!

Na habari nyingine. Bosi alitaka kuifuta mifano ya zamani mwezi huu, kama alivyoahidi. Nikaingia ofisini kwake nikamweleza kompyuta ya Sista Klara, nikamweleza na macho yako. Safari hii hakucheka. Mifano imebaki, na draiva yenu imo, mhandisi yeyote atakayenunua mkusanyiko wetu ataikuta. Nimeipa jina la kwenu. Kompyuta hizo za zamani zinakubali herufi nane tu, kwa hiyo inaitwa NYARUGUS, ile u ya mwisho imebaki nyumbani na nyinyi.

Mdogo wako,
Scolastika


Barua iliyochapwa kwa nukta nundu,
Shinyanga, 25 Aprili 1998

Kaka, shikamoo. Sasa tuko wawili tu. Soma polepole, hakuna anayekuharakisha.

Umeniuliza kama ni huruma. Mimi nimekuwa nikisoma mwandiko wake kwa miezi yote hii. Mtu mwenye huruma angekuandikia kila ulichosema, vizuri, bila neno. Huyu anakubishia kwenye mabano. Anakasirika ukimficha jambo. Anakuhesabia jasho lako. Huruma haina wivu, kaka. Huyu ana wivu na nyuki!

Naogopa na mimi. Nikikosea, utampoteza kwa ushauri wangu na sitajisamehe. Lakini mficha uchi hazai, na wewe ujana unakuaga.

Kuhusu barua ya posa, usitafute mwandishi mwingine. Unaye. Mwambie achukue kalamu.


Nyarugusu,
28 Juni 1998

Skola mdogo wangu, wabeja, asante sana!

Kwanza salamu. Mama hajambo, choo kipya kimesimama, kuku wamezaana kupita kiasi. Deepak wako ni mtu wa watu. Alifika kituoni akavua kiatu mbele ya masista wote, akatoa disketi kwenye soksi, na ndiyo hiyo hiyo aliyoitia, kwa ubishi tu. Mashine ikaanza kupiga kama mvua ya mawe juu ya bati. Wanafunzi wote walikuja mbio wakiifuata sauti. Karatasi ya kwanza nikapewa mimi, ikiwa bado na joto. Nilikwenda nayo uani, nikakaa peke yangu nikaisoma, na sikuwa nimesoma kitu cha peke yangu tangu macho yaondoke. Nililia pale pale juu ya vipele vyako, nikaogopa visije vikafutika. Sasa wanachapa vitabu kila Jumamosi. Nyuki nimewaaga rasmi.

Sasa la pili. Nilikaa na barua yako mwezi mzima nikijitia ujasiri. Jumapili iliyofuata sikukuu ya Pentekoste, watu wa barazani wakiwa wameondoka, nikamwambia Melania achukue kalamu, kuna barua ya kwenda Nyahanga. Akauliza, kwa nani? Nikasema, kwa kaka yako Stanslaus. Akacheka, akasema, "Na wewe umeanza lini mambo na Stanslaus?" Nikaanza kusema: kwa heshima na unyenyekevu, mimi Gregory.

Wewe hujui, asiyeona huisikia kalamu. Ya Melania naifahamu. Ikikwaruza haraka anakubaliana nami, ikienda taratibu anatafuta mabano. Iliandika jina langu. Ikaandika ukoo wetu. Ikaandika kwamba naleta ombi la kuoa katika nyumba yao. Nikataja jina la ninayemwomba, na kalamu ikasimama.

Nje kuku alikuwa anatetea. Nilisikia kila kitu duniani isipokuwa ile kalamu. Nikasema, "Melania, kama ni macho yangu unayahurumia, chana hiyo karatasi. Tutabaki majirani, wala sitakulaumu." Nikahesabu kwamba nimekwisha. Kisha nikaisikia inaanza tena, na ikaandika kirefu kuliko nilichotaja, kwa sababu aliandika jina lake lote, la ubatizo na la baba yake na la babu yake. Halafu akasema, "Endelea, nakusikiliza." Mimi nilikuwa nimesahau yote yaliyobaki, akamalizia mwenyewe. Niliposema nitaleta ng'ombe nikijaliwa, hilo la kujaliwa hakuliandika.

(Barua ya posa haina kujaliwa. M.)

Stanslaus amejibu. Ukoo umekaa, posa imekubaliwa. Anasema tu kwamba tangu azaliwe hajawahi kuletewa posa yenye mwandiko wa dada yake mwenyewe, na ya kwamba ameshindwa hata kuikosoa.

Njoo Agosti bila kukosa. Mama ameshaanza kukukaushia michembe. Nimemwambia Melania aandike haya yote kama nilivyoyasema, hata pale kalamu iliposimama.

Kaka yako,
Gregory

(Haikusimama, wifi. Wino uligoma. M.)